Filamu ileile, dakika 50 zaidi: nani alikosea, watazamaji au studio?

"Shikamoo mwalimu. Tuna kikundi cha vijana hapa Tanga, tunaonyesha filamu za historia kwenye ukumbi mdogo halafu tunazijadili. Mwaka jana tulionyesha Kingdom of Heaven ya Ridley Scott. Wazee tuliowaalika waliipenda, hasa Salahuddin, lakini vijana waliiponda: steringi ni mhunzi tu wa kijijini, ghafla anaongoza jeshi, malkia anakata nywele na hakuna anayejua kwa nini, picha ndefu halafu haieleweki. Juzi mmoja wetu kaleta toleo refu, tukaliangalia sisi wanne tunaoendesha kikundi. Ni kama filamu nyingine kabisa! Sasa tunabishana. Wengine wanasema studio iliiharibu makusudi na watazamaji wa mwanzo walidanganywa. Wengine wanasema picha mbovu ni mbovu tu hata uiongeze dakika. Je, wale vijana walikosea? Toleo lipi ndilo la kweli? Na je, tulionyeshe hilo refu la saa tatu na zaidi, au tutafukuza watu?"

Marahaba, mwanangu. Naona ubishi wenu umerefuka kwa sababu mnajibu maswali matatu kwa mpigo. Kuna swali la hukumu: aliyeona toleo fupi akalichukia, alikosea? Kuna swali la lawama: nani kaiharibu? Na kuna la vitendo: ukumbi ukijaa tena, muweke lipi? Nianze na la kwanza, maana nadhani ndilo lililokukera hasa.

Vijana wako hawakukosea. Hebu yasikilize malalamiko yao vizuri. Hawakusema picha ni chafu, wala hawakusema mapigano ni ya kitoto. Walitaja mambo mawili mahususi: mhunzi anageuka jemadari bila maelezo, na malkia anakata nywele bila sababu. Yote mawili ni kweli kwa toleo waliloonyeshwa, na yote mawili yana majibu katika dakika zilizoondolewa. Watu ambao hawakujua kabisa kwamba filamu imepunguzwa waliweka kidole palepale mkasi ulipopita. Mhariri yeyote wa filamu angetamani watazamaji wa namna hiyo.

Kwa faida ya wasomaji wengine, niieleze filamu yenyewe kidogo. Kingdom of Heaven iliandikwa na William Monahan, ikaongozwa na Ridley Scott kwa ajili ya studio ya 20th Century Fox, kwa gharama ya takriban dola milioni 130, ikatoka Mei 2005. Inasimulia miaka ya mwisho ya utawala wa wapiganaji wa msalaba mjini Yerusalemu, hadi Salahuddin, sultani wa Kiislamu, alipouchukua mji huo Oktoba 1187. Toleo lililokwenda kwenye majumba ya sinema lilikuwa la dakika 144. Mwishoni mwa mwaka huohuo Scott alitoa toleo lake mwenyewe, likaonyeshwa katika jumba moja la Los Angeles, kisha likaja kwenye DVD mwaka 2006. Ukihesabu pamoja na muziki wa utangulizi na mapumziko ya katikati, lina dakika 194.

Katika dakika hizo 50 za ziada mna mtoto. Sibylla, yule malkia aliyekata nywele, ambaye Eva Green ndiye anayemwigiza, ni dada wa mfalme Baldwin wa Nne aliyekuwa na ukoma, na ana mwana aliyezaa na mume wake wa kwanza. Mfalme anapofariki, mtoto huyo ndiye anayevishwa taji. Siku moja nta ya moto ya muhuri inamdondokea mkononi, naye hashtuki. Hauvuti mkono, hatoi sauti. Mama yake anaona. Sisi tunamwona mama akiona, na hakuna haja ya mtu kuambiwa chochote: mtoto ana ugonjwa wa mjomba wake. Sibylla anayajua maisha yanayomsubiri mwanawe, kuishi nyuma ya kinyago huku mwili unakwisha kidogo kidogo. Anamlaza mapajani bustanini, anambembeleza, na anamtia sumu sikioni. Ndipo zinakuja nywele.

Sasa rudi kwenye toleo fupi. Mtoto hakuuawa humo. Hakuwahi hata kuzaliwa. Lakini uso wa mama umekwisha vilevile, nywele zimekatwa vilevile, na taji limehamia kwa mumewe Guy kana kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Mwigizaji anaomboleza msiba ambao mtazamaji hakuuona. Ni kama kesi iliyosikilizwa bila shahidi mkuu kuitwa: hukumu inasomwa, na watu barazani wanaulizana imetoka wapi. Kijana aliyesema "malkia hana maana" alimhukumu Sibylla kwa ushahidi uliokuwepo.

Ndivyo ilivyo pia kwa mhunzi wenu. Katika toleo refu tunaambiwa mapema kwamba Balian amewahi kwenda vitani na kwamba anajua kutengeneza mitambo ya kubomolea kuta. Kwa hiyo anaposimama juu ya ukuta wa Yerusalemu na kupima umbali wa mawe ya adui, anafanya kazi aliyokwisha kuifanya kabla. Padri ambaye Balian anamuua mwanzoni ni ndugu yake wa mama mmoja, na kati yao kuna chuki ya siku nyingi. Wale wanaoushambulia msafara wa Godfrey, baba yake Balian, msituni nao wana hesabu yao ya urithi. Kumsaka mhalifu ni kisingizio. Yote hayo yalikatwa au kupunguzwa, na kilichobaki ni mtu anayepanda farasi mara moja na kuwa shujaa.

Hapa ndipo nataka mnielewe vizuri, maana wengi hudhani kupunguza filamu ni kupunguza muda. Hebu jiweke kwenye kiti cha mhariri aliyeambiwa atoe dakika 50 katika filamu ya vita. Atatoa wapi? Vita hatoi, maana vimegharimu fedha nyingi na ndivyo vilivyowekwa kwenye tangazo. Steringi hatoi, maana watu wamelipia kumwona Orlando Bloom. Mwisho hautoi, bila huo hakuna hadithi. Kinachobaki ni mazungumzo, watoto, wanawake, ndugu wa pembeni, na zile dakika za utulivu ambapo mtu anafanya uamuzi. Kwa maneno mengine, zinabaki sababu. Filamu inaendelea kuwa na matukio yote makubwa, lakini kila tukio sasa linafuata lingine bila kuzaliwa nalo. Mtazamaji anapewa "kisha, kisha, kisha", na "kwa sababu" imebaki sakafuni chumba cha uhariri.

Matokeo yake ni jambo ambalo watu wa fedha hupata tabu kuliamini: filamu iliyofupishwa inaweza kuonekana ndefu kuliko ile ndefu. Mtu hachoki kwa kukaa. Angalieni watu wanavyokaa kwenye mechi ya dakika 120 na penalti juu yake, wala hakuna anayetazama saa. Mtu huchoka pale asipojua anachosubiri. Vijana wako waliangalia dakika 144 wakaziita ndefu. Ninyi wanne mkaangalia zaidi ya saa tatu, na sijaona neno "ndefu" popote kwenye maelezo yenu ya jioni hiyo.

Tuje kwenye lawama. Wale wanaosema studio iliiharibu makusudi wanavuta mno. Studio haikai mezani ikapanga kuharibu mali yake ya dola milioni 130. Inapiga hesabu, na hesabu yenyewe si ya kipumbavu. Chukua jumba la sinema linalofunguliwa saa tano asubuhi na kufungwa saa sita usiku. Filamu ya dakika 144, ukiongeza nusu saa ya matangazo na kufagia ukumbi, inaingia mara nne kwa siku. Ya dakika 194 inaingia mara tatu. Umepoteza robo ya tiketi kwa kila ukumbi kabla hata mtu mmoja hajasema kama filamu ni nzuri, na mwisho wa juma wa kwanza ndio unaoamua kama wenye majumba wataendelea kuiweka au wataitoa. Tena mwaka 2005 majumba mengi bado yalitumia mikanda halisi ya filamu, kila gurudumu la mkanda likibeba dakika kama 20 hivi, kwa hiyo kila dakika ya ziada ililipiwa kuchapishwa na kusafirishwa, nakala baada ya nakala.

Kuna na maonyesho ya majaribio. Studio inakusanya watu wasioijua filamu, inawaonyesha, inawapa fomu wajaze: ulipenda nini, ulichoka wapi. Fomu hizo zina ukweli, lakini lazima mtu ajue kuzisoma. Mtazamaji anajua kwamba amechoka. Hajui kwa nini amechoka. Akiandika "katikati panavuta", anaweza kuwa anasema katikati ni parefu, na anaweza pia kuwa anasema mwanzo haukumpa sababu ya kujali yatakayotokea katikati. Mwenye haraka anasoma lile la kwanza na kushika mkasi. Dawa ya lile la pili mara nyingine ni kurudisha kitu mwanzoni, na hilo hakuna anayependa kulisikia wiki chache kabla ya uzinduzi.

Fox walitaka filamu fupi na hadithi nyepesi, na Scott alikubali. Hili la kukubali msilisahau, maana mashabiki hupenda kumchora mwongozaji kama mateka. Baadaye yeye mwenyewe alilalamika zaidi kuhusu matangazo: kwamba filamu iliuzwa kama visa vya ushujaa na mapenzi, wakati yeye alitengeneza filamu kuhusu ugomvi wa dini. Ukiyaunganisha hayo mawili unapata picha kamili. Watu waliitwa kuja kuona kitu kimoja, wakapewa kingine, na hicho walichopewa kilikuwa kimeondolewa viungo vyake. Huko Marekani ilikusanya kama dola milioni 47 tu. Nje ya Marekani ilikusanya zaidi ya mara tatu ya hizo. Ufupi ulioombwa na studio haukusaidia kitu nyumbani.

Na hao wa nje wananirudisha kwa wazee wako wa Tanga, ambao ndio sehemu ya barua yako iliyonivutia kuliko zote. Kwa nini waliipenda filamu ileile ambayo vijana waliiponda? Jibu rahisi ni kwamba walifurahi kumwona Salahuddin akiheshimiwa kwenye filamu ya Hollywood, na ni kweli: Ghassan Massoud, mwigizaji wa Syria, anamcheza kwa utulivu na haiba ambayo hata mkasi haukuigusa. Mwandishi wa habari Robert Fisk aliitazama Beirut mwaka huo wa 2005 na kuandika kwamba Salahuddin alipookota msalaba ulioanguka na kuusimamisha tena mezani kwa adabu, watazamaji, wengi wao Waislamu, walisimama wakapiga makofi. Kumbukeni huo ulikuwa mwaka wa pili tu tangu Iraq ivamiwe.

Lakini kuna jibu la ndani zaidi. Wazee wako waliingia ukumbini na Salahuddin wao. Wamesikia habari zake tangu madrasa, wanajua alivyouchukua mji na alivyowaachia watu waondoke kwa fidia, tofauti na mauaji ya mwaka 1099 wapiganaji wa msalaba walipouteka. Filamu ilipoacha pengo upande wake, wao walilijaza kutoka kichwani. Upande wa Balian, Guy na Sibylla, mtazamaji wetu wa kawaida hana cha kujazia. Anategemea filamu imwambie kila kitu, na filamu imekatwa. Ndiyo maana watu wa ukumbi mmoja, usiku mmoja, waliona filamu mbili.

Jambo hilohilo liliikuta Red Cliff ya John Woo, filamu ya Kichina kuhusu vita maarufu vya mwanzoni mwa karne ya 3. Huko Asia ilitoka katika sehemu mbili, mwaka 2008 na 2009, zote pamoja zikiwa na zaidi ya saa nne na nusu. Kwa Ulaya na Marekani ilibanwa ikawa filamu moja ya karibu saa mbili na nusu. Cha ajabu ni kwamba watu ambao wangevumilia ufupisho bila kupotea ni Wachina wenyewe, kwani wahusika wale wanawajua tangu utotoni. Lakini wao ndio waliopewa ndefu. Mgeni, aliyehitaji kuambiwa nani ni nani, akapewa iliyokatwa. Kwa upande wa biashara inaeleweka. Kwa upande wa kusimulia hadithi ni kinyumenyume.

Sasa niwageukie wale wengine wanaosema "picha mbovu ni mbovu tu". Wanachonikumbusha ni kwamba toleo refu nalo lisipewe utakatifu. Nimelisifia, na bado nasema halikuponya kila kitu. Bloom anabaki mwepesi kwa uzito wa mtu anayemwigiza, hata baada ya kuelezwa ametoka wapi. Guy na mshirika wake Reynald bado ni maadui wa kuchorwa kwa mkaa, hawana hata chembe ya hoja. Hotuba za dhamira na uhuru wa nafsi bado zinatoka kwenye vinywa vya watu wa karne ya 12 zikinukia karne ya 21. Na lile pambano la panga kati ya Balian na Guy lililorudishwa mwishoni, mimi ningeliacha likatwe. Mji umeshaanguka, hadithi imekwisha, halafu wanaume wawili wanaanza kugombana barabarani. Hapo studio ilikuwa sahihi, na si aibu kusema hivyo.

Wala msidhani toleo refu ni la kihistoria zaidi. Balian wa Ibelin wa kweli hakuwa mhunzi wa Ufaransa. Alizaliwa hukohuko mashariki katika ukoo wa mabwana, na mkewe alikuwa Maria Komnene, aliyekuwa malkia kabla ya hapo. Sibylla wa kweli, kwa mujibu wa waandishi wa zama hizo, alimng'ang'ania Guy hata pale alipotakiwa kuachana naye ili avishwe taji. Mwanawe, Baldwin wa Tano, alikuwepo kweli na alifariki mwaka 1186 akiwa bado mtoto mdogo, lakini hakuna ushahidi kwamba alikuwa na ukoma wala kwamba mama yake alimuua. Ile nta ya moto inaelekea kutokana na habari ya mjomba wake: mwalimu wake, William wa Tiro, aliandika kwamba aligundua ugonjwa pale watoto walipofinyana mikono wakicheza, na Baldwin peke yake hakuhisi maumivu. Kwa hiyo tukio lenye nguvu kuliko yote kwenye toleo refu ni la kubuni. Mtafurahi kulijadili hilo, maana ni gumu: uongo ulioongezwa ndio uliowafanya watu waonekane wa kweli. Na Jonathan Riley-Smith, mwanahistoria mkubwa wa Vita vya Msalaba wa Cambridge, aliishutumu filamu hata kabla haijatoka kwa kufuata picha ya kimahaba iliyoenezwa na riwaya za Walter Scott, mwandishi wa Uskoti wa karne ya 19. Dakika 50 za ziada hazijibu shutuma hiyo.

Ipo mifano ya kuwaonya pande zote mbili. Heaven's Gate ya Michael Cimino ilionyeshwa New York Novemba 1980 ikiwa na dakika 219, yaani kama mwongozaji alivyoitaka. Wahakiki waliirarua, ikaondolewa haraka, ikarudi mwaka uliofuata na dakika 149, na hiyo fupi nayo ikafa. Imegharimu karibu dola milioni 44, ikaingiza chini ya milioni 4, na studio ya United Artists ikaishia kuuzwa. Kisha mwaka 2012 toleo refu lililosafishwa likaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Venice na kupokelewa kwa heshima. Filamu ile ndefu haikuwa imebadilika sana. Miaka zaidi ya 30 ilikuwa imepita, na watu waliokuja safari hii hawakuja kushuhudia mtu akifilisi studio. Na Oliver Stone, filamu yake ya Alexander ilitoka 2004, naye akairudia mara tatu baadaye. Toleo la kwanza aliloliita la mwongozaji lilikuwa fupi kuliko lile la sinema. Kwa hiyo maandishi hayo juu ya jalada yasiwatishe. Mara nyingine yana maana nzito, mara nyingine ni njia ya kukuuzia DVD ya pili.

Lipi basi ndilo la kweli? Yote mawili. Lile fupi ndilo filamu iliyoonekana dunia nzima mwaka 2005, iliyopigiwa makofi Beirut na kupuuzwa Marekani. Ukitaka kuelewa mapokezi ya wakati ule, hilo ndilo la kuangalia. Lile refu ndilo linaloonyesha Monahan na Scott walikuwa wanajenga nini. Mkiniuliza lipi ni filamu bora, nitasema refu, tena bila kusita.

Kuna mtego mmoja zaidi kabla hamjaandika tangazo la onyesho. Sifa zinazoelea juu ya toleo refu zilitolewa na watu gani? Na watu walioipenda au kuitamani kiasi cha kununua seti ya diski nne. Yule aliyechoka mwaka 2005 akatoka ukumbini hakurudi kutoa maoni. Ninyi wanne nanyi ni walewale: wapenzi wa filamu, mliokaa kwa hiari, mkijua mnatafuta kilichokosekana. Furaha yenu ni ya kweli, lakini msiitumie kutabiri ukumbi mzima utasemaje.

Kwa hiyo mfanyeje? Kwanza hakikisheni mna toleo gani, na msiamini jalada. Jaribio rahisi ni mtoto: kama Sibylla ana mwana, ni refu. Kuhusu muda, msishtuke mkiona DVD imeandikwa dakika 138. DVD nyingi zinazofika kwetu ni za mfumo wa PAL, unaoendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24 za sinema, hivyo filamu ya dakika 144 inakwisha kwa 138 na hakuna kilichokatwa; ile ya 194 itakuwa kama 186. Zile CD za kuchoma na zile za kutafsiriwa zinazopita kwenye vibanda umiza ni habari nyingine, kwa sababu msimuliaji mara nyingi huruka mazungumzo ili awahi mapigano. Huko kuna mkasi mwingine ambao hata Fox hawaujui.

Pili, msilirushe refu kwa mkupuo. Lina mapumziko yake ndani, yatumieni. Liangalieni kwanza mjue yanaangukia wapi, kisha pangeni saa ya kuanza ili yagongane na Magharibi. Watu wataswali, watakunywa chai, watabishana nje, na sehemu ya pili watairudia wakiwa na hamu. Wale wazee waalikeni tena.

Tatu, na hili ndilo ningelifanya mimi ningekuwa Tanga: msiwaambie watu kwamba mnawaletea toleo zuri lililofichwa. Ukimwambia mtu hivyo ataona uzuri hata kwenye lile pambano la mwisho. Wapeni karatasi kabla hawajaondoka na waulizeni maswali mawili tu: kwa nini Sibylla alikata nywele, na kwa nini Balian anajua vita? Walioona fupi mwaka jana wajibu tena kwa kukumbuka. Mkizilinganisha karatasi hizo mtakuwa na mjadala wa jioni nzima, na mtakuwa mmejifunza kuhusu uhariri kuliko mimi ninavyoweza kuwaandikia hapa.

Kuna mahali ushauri wa maandishi unafikia kikomo. Kununua DVD ni ruhusa ya kutazama nyumbani. Kuonyesha ukumbini, hata bure, ni jambo jingine, na haki za filamu za Fox zilihamia Disney mwaka 2019. Nendeni wenyewe ofisi ya Bodi ya Filamu au mwoneni afisa utamaduni wa wilaya yenu, muulize kuhusu kibali cha maonyesho na daraja la umri. Ulizeni hilo la umri hasa kama wadogo zenu nao huja, kwa sababu toleo refu lina damu zaidi na lina mama anayemuua mwanawe. Kama kuna mzazi ukumbini aliyefiwa na mtoto karibuni, mwambieni mapema, faraghani, lililomo sehemu ya pili. Na kama kati yenu yupo anayetengeneza filamu yake na mfadhili ameanza kudai ipunguzwe, asibishane naye kwa simu. Achukue mkataba aende kwa wakili, aangalie umeandika nani ana neno la mwisho juu ya uhariri, kisha amtafute mhariri mwenye uzoefu wakae naye mbele ya skrini, dakika kwa dakika, kabla ya kutoa hata tukio moja.